Safu ya Chini ya Madirisha

Kivuko kile kilikuwa na jina lake rasmi, limeandikwa kwa rangi nyeusi ubavuni, lakini hakuna aliyelitumia. Watu wa pande zote mbili za maji walikiita Bi Mkubwa. Ndiye aliyetangulia kuja, na vivuko viwili vilivyoletwa baada yake, vipya kabisa, vilikufa kimoja baada ya kingine, yeye akabaki na nyumba yake. Asubuhi aliwavusha watu kwenda kazini, jioni akawarudisha. Mtu akikuambia amechelewa kwa sababu ya Bi Mkubwa, ulinyamaza tu.

Alipokaribia kutimiza miaka arobaini, meneja wa kivuko alikwenda kwa mpiga picha mmoja mwanamke, mwenye studio mtaa wa pili kutoka gatini. Huyu alijulikana kama Binti Flashi. Marehemu baba yake alikuwa mpiga picha wa kwanza wa mji, na taa yake ilikuwa kali kiasi kwamba wateja walitoka studio wakipapasa ukuta. Wakamwita Mzee Flashi, na jina likarithiwa pamoja na kamera na kabati la chuma lililojaa picha na negativu zake. Kila mwaka mzee alimpiga Bi Mkubwa picha na kuichapisha postikadi. Alipofariki, binti yake akaendelea na kazi hiyo.

Meneja alikifuta kiti kwa leso kabla ya kuketi.

"Nataka historia yake yote ukutani," alisema. "Tangu siku ya kwanza mpaka leo. Postikadi, picha za abiria, za maharusi, kila kitu. Jumamosi ya wiki ijayo tunafungua maonyesho kwenye ukumbi wa kusubiria, halafu watu wanapanda bure, tunazunguka nao mpaka mchana. Mji mzima, dada. Nataka apendeze."

"Atapendeza," alisema Binti Flashi, na alisema kwa moyo mmoja, maana kazi ya aina hiyo alikuwa akiiota.

Alibandika tangazo gatini kuwaomba watu picha zao za zamani. Hazikupita siku tatu, studio ikajaa. Zilikuja kwenye bahasha, kwenye makopo ya biskuti, nyingine zikiwa bado ndani ya fremu na vumbi lake. Mwanamume mmoja alileta picha iliyokatwa kwa mkasi katikati, akasema, "Upande ulioondoka ni wa mtalaka wangu. Wewe tumia kivuko tu." Binti Flashi alicheka mpaka akafuta machozi.

Jumanne kabla ya adhuhuri, alifunga mlango wa mbele, akazipanga picha kwenye meza ndefu ya kukatia karatasi, mwaka baada ya mwaka, kushoto kwenda kulia. Alitaka kuona sura ya kivuko ikikua na kuzeeka, kama unavyopanga picha za mtoto wa nyumbani.

Postikadi ya kwanza ilimwonyesha Bi Mkubwa ubavu mzima, mpya, anang'aa. Madirisha ya duara yalikuwa safu mbili, moja juu ya nyingine. Chini ya safu ya chini ulipigwa mstari mweupe, ule wa kuonyesha kwamba maji yasipite hapo, na kati ya mstari na madirisha alisimama fundi rangi ndani ya mtumbwi, kichwa chake hakijafika kwenye dirisha. Picha nzuri sana. Binti Flashi aliisogeza akashika inayofuata, halafu nyingine. Mstari ulikuwa palepale siku zote, shubiri mbili juu ya maji, umenyooka, umepakwa vizuri.

Kisha akashika picha ya maharusi iliyopigwa mwaka uliopita gatini, Bi Mkubwa akiwa nyuma yao. Mstari mweupe, shubiri mbili juu ya maji. Lakini kitu fulani kilimkwaza, na hakujua ni nini. Alichukua kioo cha kukuzia, akainama.

Madirisha yalikuwa safu moja.

Alirudi kwenye postikadi ya kwanza. Safu mbili. Akahesabu tena kwa kidole, kama mtu anayejifunza kusoma. Mwaka wa kumi na tano, safu mbili. Mwaka wa kumi na tisa, baada ya sitaha ya tatu kuongezwa juu, safu mbili, ila mstari sasa ulikuwa umegusa ukingo wa madirisha ya chini. Mwaka wa ishirini na mbili, mstari ulipita katikati ya madirisha yenyewe, nayo yalikuwa yamezibwa kwa mabati. Picha zilizofuata, safu ya chini haikuwapo. Haikung'olewa wala haikupakwa rangi. Ilikuwa chini ya maji.

Mstari haukuwa umesimama palepale. Mtu alikuwa akiuhamisha kwenda juu kila kivuko kilipodidimia.

Alitafuta postikadi za baba yake za miaka ya mwisho, na hapo akagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote. Baada ya mwaka wa ishirini na mbili, hakukuwa na hata moja iliyopigwa ubavuni. Zote zilipigwa kutoka mbele, Bi Mkubwa akija, povu likimtoka kama ndevu. Hata zake mwenyewe, miaka kumi na mitatu mfululizo, alizipiga kutoka mbele, kwa kuwa ndivyo alivyokuta. Alifungua kabati la chuma, akatoa picha ya mwaka wa ishirini na tatu, akaigeuza. Nyuma baba yake alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake ule wa kulala: *Kutoka mbele tu. Wameomba hivyo.*

Alikaa chini. Redio ya jirani ilikuwa ikisema jambo, hakulisikia.

Mdogo wake alimkuta hivyo. Huyu ndiye aliyeuza chai na mkate ndani ya Bi Mkubwa kwa miaka tisa, na abiria walimwita Dada Chai. Kila mchana, kivuko kilipopumzika, alikuja kula na dada yake, maana waliishi pamoja nyumba ya nyuma ya studio.

"Umefiwa?" aliuliza mlangoni.

Binti Flashi alimvuta mkono mpaka mezani, akamwonyesha picha ya kwanza, ya kati, na ya mwisho. Dada Chai aliangalia, akabetua midomo.

"Dada, hiyo ni meli kongwe. Hata wewe kiuno si kile cha zamani."

"Sitanii. Niambie ukweli. Humo ndani umewahi kuona chochote?"

Dada Chai alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja polepole. Alipoanza kusema, utani ulikuwa umemtoka sauti.

"Birika langu nimelichongea kabari ya mbao upande wa kushoto. Mwaka jana kabari ilikuwa kidole kimoja. Sasa vidole vitatu. Na kuna kitu kingine. Zamani akikata kona alilala kidogo, akainuka papo hapo. Siku hizi analala, halafu anafikiria. Anafikiria, dada. Vikombe vyote vimeshateleza, sote tumeshikilia vyuma, yeye bado anafikiria. Kisha anainuka."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ndiyo kazi yangu. Nilisema nikiizoea itaacha kunitisha."

"Imeacha?"

"Haijaacha."

Alasiri ile Binti Flashi aliweka picha tano kwenye mkoba, akaenda kwa fundi chuma mstaafu, mzee aliyekuwa akimfanyia matengenezo Bi Mkubwa tangu ujana wake. Alimkuta uani kwake akichomelea fremu ya dirisha, miwani myeusi usoni. Mzee alizima mashine, akamkaribisha kigoda, akauliza habari za nyumbani. Picha alizishika kwa mbali, mikono imenyooshwa, kama wafanyavyo watu wenye macho yaliyochoka. Alikaa nazo muda mrefu.

"Baba yako aliniuliza swali hilihili," alisema hatimaye.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nina watoto sita." Alirudisha picha. "Sitaha ya tatu niliifunga mimi. Walitaka abiria zaidi, na nafasi ikapatikana juu. Uzito ukaja, akadidimia, mkaguzi akakaribia kufika. Nikaambiwa nipake mstari upya. Mstari ule, mwanangu, nimeupaka mara tatu kwa mkono huu. Mara ya nne nikasema nimezeeka."

"Atapinduka?"

Mzee aliangalia lango la ua kabla ya kujibu.

"Watu wakikaa chini, wakatulia, hana neno. Ndivyo alivyoishi. Lakini wajae juu, halafu wote waende upande mmoja kuangalia kitu…" Aligeuza kiganja chake taratibu, kikatazama juu.

Jumamosi watu wangepanda bure. Mji mzima. Wangejaa juu, kwenye upepo, na wangekwenda upande mmoja kila palipo na cha kutazama.

Jumatano asubuhi alikwenda ofisini kwa meneja. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, lakini alipofika aliishia kuziweka picha mezani moja baada ya nyingine. Meneja alizitazama bila kubadilika uso. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alichagua picha zote za ubavuni, akazigonga mezani zikakaa sawa, akazitia kwenye droo.

"Hizi zina ukungu," alisema. "Weka zile za mbele, ndizo watu wanazozipenda."

"Hazina ukungu, bosi."

"Kivuko kina cheti cha ukaguzi. Kimesainiwa. Mimi si baharia, wewe si baharia, tuwaachie wanaojua." Alitabasamu, akasimama kumsindikiza. Mlangoni alimwuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wako yule wa chai anaendeleaje? Kibanda chake kinamtosha? Wako wengi wanaokitaka."

Binti Flashi alishuka ngazi. Alimwogopa mtu yule mpole kuliko ambavyo angemwogopa mtu wa kupiga kelele. Hata hivyo, alichochukua meneja ni nakala tu, bila yeye kujua. Picha zenyewe zilikuwa studio.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi kama aliyekufa ganzi. Alitundika ukutani picha za mbele, kama alivyoagizwa. Hakula vizuri. Kila kivuko kilipopiga honi kuondoka, aliacha alichoshika na kusikiliza mpaka honi ya kufika ng'ambo isikike kwa mbali, dakika thelathini na tano. Alimwomba mdogo wake asiende kazini Jumamosi.

"Nikikaa nyumbani na wengine wakapanda, nitalala vipi maisha yangu yote?" alisema Dada Chai. "Na wewe, utalala?"

Swali lile lilimchoma mpaka kwenye mfupa. Aliwaza juu ya baba yake, mtu mwema, aliyewachekesha watoto wa watu mbele ya kamera, akageuza picha na kuandika kwa penseli mahali ambapo hakuna angesoma. Hakuweza kumchukia. Lakini hakutaka kufanana naye katika hilo.

Jumamosi jua lilipochomoza alikuwa gatini. Njia ya kupandia ilizungushiwa uzio wa vyuma, foleni ikipita kati. Alifunga waya kwenye uzio ule urefu wa hatua thelathini, akabana picha kwa vibanio vya nguo, zile za ubavuni, kubwa, kwa mpangilio wa miaka. Mwanzoni alining'iniza kadi moja aliyoandika: *Hesabu safu za madirisha.* Vibanio viwili vilimponyoka, vikaanguka majini.

Watu walianza kuja saa mbili, nguo za kupendeza, watoto mabegani. Mwanzoni walicheka. Walitafuta ndugu zao. "Huyu si shangazi huyu? Tazama viatu." Foleni ilitembea, ikasimama, ikatembea. Kisha mwanamke mmoja mshona nguo, mtu wa vipimo, alisimama mbele ya picha ya kumi hivi, akarudi nyuma dhidi ya foleni, akisukumana na watu, mpaka kwenye ile ya kwanza. Akasoma kadi. Akahesabu kwa sauti. Kisha akageuka kumtazama Bi Mkubwa mwenyewe aliyefungwa pale, hatua kumi tu kutoka kwao.

"Safu nyingine iko wapi?" aliuliza.

Swali likapita kwenye foleni kutoka mdomo hadi mdomo, na lilivyopita, kicheko kilikatika nyuma yake. Watu wachache walitoka kwenye foleni. Wengine walisema ni fitina tu, wanataka kutuharibia siku. Meneja alikuja haraka, tai imepinda, akaanza kuzing'oa picha. "Nani kakupa ruhusa?" alimwuliza Binti Flashi, sauti chini, macho yamewaka.

Sauti ikatoka nyuma yao. "Ziache."

Ilikuwa ya nahodha. Alikuwa na miaka mitatu tu kwenye kivuko kile, alimkuta Bi Mkubwa ana safu moja, akadhani ndivyo alivyozaliwa. Alizipitia picha zote kwa mwendo wa taratibu, mikono nyuma. Kwenye ile ya fundi rangi ndani ya mtumbwi alisimama muda mrefu. Aliporudi alikuwa amepauka.

"Nilijua anasitasita," alimwambia Binti Flashi, kana kwamba anamuungamia. "Nilidhani ni usukani."

"Watu wanangoja," alisema meneja. "Na wageni waheshimiwa wameshapanda."

Nahodha alitazama watu, akatazama wageni waliokwisha kukaa mstari wa mbele. Binti Flashi aliona jinsi anavyopima, na aliona kwamba hana ujasiri wa kukataa kabisa. Alichukua njia ya katikati. Aliamuru mnyororo ufungwe kwenye ngazi ya sitaha ya juu, asipande mtu hata mmoja. Wapande mia mbili tu, wakae chini, na safari iwe moja, kwenda na kurudi. Meneja alibisha, nahodha akampa funguo za kivuko mkononi na kumwambia aendeshe mwenyewe. Meneja akazirudisha.

Binti Flashi hakutaka kupanda. Lakini mdogo wake alikuwa ameshaingia, na kupitia dirishani alimwona akipanga vikombe kana kwamba ni siku yoyote. Akapiga moyo konde, akapanda.

Kwenda walikwenda salama. Watu waliimba, watoto walilala kwenye mapaja, na taratibu hata yeye alianza kuona haya, akijiuliza kama ametisha mji mzima bure. Wakati wa kurudi, katikati ya maji, mashua ya mashindano ilipita karibu upande wa kushoto, tanga lake jekundu limejaa. Mtu alisema, "Tazameni ile." Watu wakainuka. Hawakuwa wengi, labda nusu. Wakaenda kushoto na simu zao mkononi.

Bi Mkubwa akalala.

Alilala polepole, bila kelele, kama mtu anayejigeuza kitandani. Vikombe vya Dada Chai viliteleza vyote pamoja vikavunjika. Binti Flashi alishika nguzo, akaona maji yakipanda dirishani, kijani, mpaka kioo kizima kikawa kijani na mwanga ukabadilika ndani ya chumba kile. Akangoja ainuke. Hakuinuka. Alikuwa akifikiria. Kutoka mahali fulani chini ya miguu yao ulisikika mkwaruzo mzito, kitu kikubwa kikiburuzwa, kikasimama.

"Kaeni chini!" nahodha alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Kaeni hapo hapo mlipo, mtambae kulia. Msikimbie."

Lile la kutokimbia ndilo lililowaokoa. Watu walitambaa kwa mikono na magoti kwenye sakafu iliyoinama, wakikanyagana vidole, hakuna aliyelia. Dada Chai alikuwa amelala kifudifudi akimshika mzee mmoja kwa mkanda wa suruali. Binti Flashi alihesabu moyoni bila kujua anahesabu nini. Alipofika thelathini na moja, kioo kilianza kupata mstari wa nuru juu. Nuru ikashuka kidogo kidogo. Kivuko kikasimama, hakijanyooka vizuri, na injini ikaendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea.

Kama wangekuwa mia sita, na nusu yao juu, hesabu ile isingefika mwisho. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Walirudi gatini mwendo wa kobe, na waliposhuka baadhi yao walikaa chini kwenye saruji ya gati na hawakutaka kuinuka.

Bi Mkubwa hakuondoka tena pale. Wiki ile walikuja wakaguzi wengine, wageni. Meneja alihamishwa, na wapi hakuna aliyesema. Mtu angedhani mji ungemshukuru Binti Flashi, na wapo waliomshukuru. Lakini miezi ilipita bila kivuko, watu wakivuka kwa vimashua vidogo na kulowa, na wengi wakaanza kusema kwamba yeye ndiye aliyemuua Bi Mkubwa. Sokoni walimpa kisogo. Mwenye picha iliyokatwa alikuja kuichukua bila salamu. Naye mwenyewe aliendelea kuogopa, hata pasipo na cha kuogopa. Akiwa ameketi kitini studio, sakafu yake imara ya saruji, ghafla aliona chumba kinainama, akashika meza.

Mwaka ulipokaribia kwisha, waliamua kumkata vipande. Walimwita fundi chuma mstaafu asimamie, kwa kuwa hakuna aliyemjua Bi Mkubwa ndani nje kama yeye. Siku ya tatu ya kazi alipita studio, nguo zimejaa kutu, akakataa kiti ili asikichafue. Dada Chai alikuwa pale, siku hizo akiuza chai barazani kwa dada yake.

"Tumefungua tumbo," alisema mzee. "Kumbe baada yangu walimmwagia saruji kule chini, ili asiyumbe. Saruji, kwenye meli. Ndiyo iliyomzamisha safu nzima. Kisha ikapasuka vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa meza hii yenu ndefu. Vimesuguana mpaka vimekuwa laini. Vyote tumevikuta upande wa kushoto, vimelala."

Dada Chai alikuwa ameshika kikombe akimpelekea. Alikitua juu ya meza.

"Miaka tisa," alisema. "Nilikuwa nimesimama juu yake."

Akakaa sakafuni hapo hapo, akaanza kulia, yeye ambaye siku ile majini hakutoa hata chozi. Binti Flashi alikaa kando yake, wakashikana. Mzee fundi alisimama mlangoni asijue aende au abaki, na mwisho akavua kofia, akabaki.